Jina la mama katika kitabu: historia ya wamama na koperative katika Kivu yetu



Mwezi wa pili mwaka 2025, siku zile watu wa Kalehe na Kavumu walipokuwa wakikimbilia mjini kwa miguu, nilimkuta mama mmoja ameketi kando ya barabara upande wa Bagira. Alikuwa na watoto watatu, sufuria moja, na kitu kilichofungwa ndani ya kitenge, ambacho hakukitua chini hata alipokuwa akinywa maji. Nilidhani ni feza. Alipofungua, nikaona ni daftari kubwa lililochakaa. Ndani mlikuwa na majina ya wamama 25 wa AVEC yao, kila jina na hisa zake, na alama za vidole za wale wasiojua kuandika. Nikamuuliza kwa nini ameacha godoro akaleta daftari. Akanijibu: "Feza tuligawana mbele ya kukimbia. Lakini humu ndimo tulimoandikwa."

Neno lile sijalisahau. Kila mara tunapozungumza katika redio juu ya usawa wa wanawake na wanaume ndani ya koperative, na juu ya jeuri wanayofanyiwa wamama, hakosi baba mmoja wa kupiga simu na kusema: "Hayo ni mambo ya miradi, yameletwa na Wazungu." Leo nataka kumjibu baba huyo kwa heshima, lakini kwa historia. Jambo hili halikuletwa na mradi. Limetembea katika vilima vyetu zaidi ya miaka mia moja, nalo ni swali moja tu: nani anabeba mzigo, na jina la nani linaandikwa kitabuni?

Kitabu cha kwanza: kitabu cha kodi

Wakati wa Wabelgiji, mji wetu uliitwa Costermansville. Serikali ya koloni ilipohesabu watu wa vijijini, ilikuwa na herufi tatu ilizozipenda sana: HAV. Maana yake kwa Kifaransa ni mwanaume mtu mzima mwenye nguvu. Huyo ndiye aliyehesabiwa ili alipe kodi, apelekwe kwenye barabara na mashamba makubwa, na alazimishwe kulima. Amri ya mwaka 1917 iliruhusu serikali kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka hadi siku 60 kwa mwaka. Tangu 1928, Comité National du Kivu, au CNKi, iligawa ardhi kwa walowezi Wazungu waliopanda kahawa, chai na kinkina, mti ambao gamba lake hutoa dawa ya malaria.

Katika kitabu kile mwanaume ndiye aliyeandikwa, lakini mikono iliyofanya kazi haikuwa yake peke yake. Baba akipelekwa shambani kwa mzungu, mama ndiye aliyebaki kulisha nyumba, na mara nyingi ndiye aliyepalilia hata lile shamba la lazima. Kazi yake haikuandikwa mahali popote. Hivyo ndivyo ofisi za nchi yetu zilivyozoea kufikiri kwamba mkulima ni mwanaume.

Lakini tusiwatwike Wabelgiji kila kitu. Desturi zetu pia zilikuwa na kitabu chao, ingawa hakikuwa cha karatasi. Kwa Bashi, mtu alipata ardhi ya kudumu kwa njia ya kalinzi: anampa mwami au mkubwa wa kilima ng'ombe au kitu kingine cha thamani, naye anapewa shamba ambalo watoto wake watalirithi. Kwa kawaida kalinzi ni ya mwanaume. Aliyekosa kalinzi alichukua bwasa, yaani shamba la kukodi kwa msimu. Na bwasa ina sharti linalojulikana na kila mtu Kabare na Walungu: hupandi humo mti wa kudumu. Unapanda maharage, viazi vitamu, mihogo, unavuna na kutoka. Kahawa na ndizi ni mali ya mwenye kalinzi.

Shika jambo hilo, ndugu msomaji, maana litarudi. Koperative ya kahawa ikisema "mwanachama ni mwenye miti ya kahawa", haijasema neno lolote baya juu ya wanawake. Lakini kwa sentensi hiyo moja imekwisha kufunga mlango. Mama anayechuma, anayebeba na anayeanika kahawa si mwanachama, kwa sababu mti si wake. Sheria za koperative zilipoanza kuandikwa wakati wa ukoloni, kama dekri ya tarehe 24 Machi 1956 juu ya koperative za wenyeji, ziliikuta nchi iliyokwisha kugawanywa hivyo.

Wamama wa Buloho wanasema yatosha

Sasa twende Kalehe, katika kolektivite ya Buloho, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni wakati wa Zaire ya Mobutu. Mashamba ya walowezi yalikwisha kugawiwa wakubwa wa nchi baada ya tangazo la tarehe 30 Novemba 1973. Watu wa vilimani ardhi iliwabana, na muhogo ndio uliokuwa chakula na feza ya nyumba. Muhogo ulikuwa wa wamama: wanapanda, wanavuna, wanaloweka, wanakausha, kisha wanabeba mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, hadi sokoni.

Njiani kulikuwa na vizuizi. Unalipa hapa, unalipa pale, na ukifika sokoni unalipa tena. Asiye na feza anapunguziwa mzigo: mikono inaingia ndani ya kikapu chake na kuchota. Anayekataa anatukanwa au anasukumwa. Mama anarudi jioni na feza isiyotosha chumvi, na nyumbani anaulizwa: "Feza iko wapi?" Jeuri ya njiani ilimfuata mpaka jikoni.

Wamama wa Buloho wakachoka. Wakakutana, wakapanga, wakaenda kwa wakubwa kwa wingi wao kudai ushuru huo uondolewe. Hawakuwa na silaha wala chama cha siasa. Mtafiti mmoja wa Marekani, Catharine Newbury, aliandika habari yao mwaka 1984, na kichwa cha maandishi yake kimebeba maneno ya kienyeji: "Ebutumwa bw'emiogo", yaani utumwa wa mihogo. Maneno hayo hayakutoka Kinshasa wala Ulaya. Ni lugha ya wamama wa kwetu wakilipa jina jambo lililowaumiza.

Kwa nini nawakumbusha Buloho katika habari ya koperative? Kwa sababu wamama wale walifanya kazi ya koperative kabla ya kuwa na karatasi yake. Mama mmoja kwenye kizuizi ananyang'anywa. Mamia ya wamama wakifika pamoja, mkubwa analazimika kutoka nje na kusikiliza. Na walijua kwamba feza na jeuri haviachani. Hukuwa na njia ya kumkinga mama asidhulumiwe bila kugusa ushuru, mzani na bei.

Sheria iliyomfunga mama kalamu

Miaka michache baadaye, nchi ikaandika Sheria ya Familia, tarehe 1 Agosti 1987. Kifungu cha 444 kilisema mume ni mkuu wa nyumba, na mke anapaswa kumtii. Kifungu cha 448 kikaongeza kwamba mwanamke aliyeolewa anahitaji ruhusa ya mumewe kwa tendo lolote la kisheria ambalo ndani yake anajifunga kufanya jambo yeye mwenyewe.

Fikiri maana yake katika maisha ya kila siku. Mama anataka kuchukua deni kwa jina lake: ruhusa ya baba iko wapi? Anataka kutia saini mkataba wa kuuza mazao: ruhusa iko wapi? Miaka ile ya 1970 na 1980 koperative za akiba na mikopo, zile tunazoziita COOPEC, zilikuwa zimeenea katika Kivu. Wamama wengi wa soko waliweka akiba yao huko. Lakini palipohitajika saini nzito, kalamu ilikuwa mkononi mwa mume. Kisha mfumuko wa bei ukaja. Mwezi wa kumi 1993 serikali ikabadilisha feza, zaire 3.000.000 za zamani zikawa zaire mpya moja, na akiba za watu wengi zikayeyuka. Wazee wetu mpaka leo wakisikia neno "kuweka feza" wanacheka kwa uchungu.

Hapa ninatoka kidogo nje ya Kivu. Koperative ya duka iliyotoa kanuni ambazo dunia nzima inazifuata ilianzishwa mwaka 1844 na wafumaji maskini wa Rochdale, Uingereza. Waliamua kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache, na wakaruhusu wanawake kuwa wanachama. Wakati huo sheria ya Uingereza ilikuwa bado haimtambui mwanamke aliyeolewa kuwa mwenye mali yake. Sheria hiyo ilianza kubadilishwa 1870 na tena 1882. Maana yake, kitabu cha koperative kilimwandika mwanamke kabla kitabu cha serikali hakijamtambua. Koperative haikulazimika kungoja sheria ya nchi ili itende haki.

Na kwetu pia wamama hawakungoja. Walikuwa na likelemba yao: kila juma kila mmoja anatoa kidogo, na zote zinakwenda kwa mmoja, kwa zamu. Baadaye zikaja MUSO, mutuelle za kusaidiana, na AVEC. Njia ya AVEC ilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa shirika la CARE na wanawake wa vijiji vya huko, kisha ikaenea Afrika nzima. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo tatu mikononi mwa wamama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mwingine wa nne. Feza inahesabiwa mbele ya wote. Hakuna anayeweza kufungua peke yake, hata akitishwa na mumewe usiku. Aliyebuni kufuli tatu alijua vizuri kwamba hatari nyingine haitoki kwa mwizi wa nje.

Ziwa, kahawa na wajane

Vita vya 1996 na 1998 viliikuta kahawa ya Kivu tayari imeanguka. Wanunuzi walikimbia, barabara ziliharibika, ushuru ukawa mwingi. Wakulima wa Idjwi na wa pwani ya Kalehe wakaanza kuvuka ziwa usiku na mizigo ya kahawa katika mitumbwi, kwenda kuuza Rwanda kwa magendo. Wengi hawakurudi. Upepo wa Ziwa Kivu hauchagui. Kila kijiji cha pwani kina wajane wa kahawa. Na mjane hapa kwetu, mara nyingi, akishamaliza kuomboleza anakutana na ndugu za marehemu wanaokuja kuuliza habari za shamba. Hiyo nayo ni jeuri, hata kama hakuna aliyeinua mkono.

Katika hali hiyo zikazaliwa koperative mpya. Mwaka 2003 wakulima wa upande wa Minova walianzisha SOPACDI chini ya uongozi wa Joachim Munganga. Walijenga kituo cha kuoshea kahawa, wakapata wanunuzi wa Ulaya kwa njia ya biashara ya haki, na bei ikapanda kiasi kwamba kuvuka ziwa usiku kulipoteza maana. SOPACDI pia ilianza kutenga kahawa ya wanachama wanawake na kuwalipa nyongeza iliyo yao. Mwaka 2013 Marcelline Budza akaanzisha Rebuild Women's Hope, ambayo iliwakusanya wamama wa kahawa wa kisiwa cha Idjwi katika koperative inayoongozwa na wanawake.

Mwaka 2010, mwezi wa kumi, tuliona hapa Bukavu jambo ambalo mji haujalisahau. Matembezi ya dunia ya wanawake yalimalizikia kwetu tarehe 17 Oktoba, na maelfu ya wamama wakajaza barabara, wengine wametoka mbali katika mabara mengine. Walikuja Bukavu kwa sababu jina la mji wetu lilikuwa limejulikana duniani kwa mambo ya ubakaji wa vita na kwa kazi ya Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa 1999 na Daktari Denis Mukwege, ambaye alipewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018. Wamama walioandamana siku ile walidai amani, na pamoja na amani walidai pia haki ya kuishi kwa jasho lao. Waliyasema yote mawili kwa pumzi moja.

Jeuri inaingilia wapi?

Tukisema "jeuri dhidi ya wanawake", wengi wanafikiri mara moja mtu mwenye bunduki porini. Huyo yupo, na wakimbizi wanaosoma haya wanamjua kuliko mimi. Lakini koperative haina uwezo juu ya bunduki. Ina uwezo juu ya mahali pengine, na historia niliyoieleza inatuonyesha ni wapi.

Mahali pa kwanza ni mzani. Anayepima ndiye anayeamua kilo, na anayeamua kilo anaweza kuomba kitu kingine ili kilo zitoke sawa. Wamama wanaifahamu lugha hiyo: "Uje jioni tuzungumze." Katika machimbo ya dhahabu ya Kamituga wako wamama wanaoitwa twangeuses, jina la Kifaransa lililozaliwa na neno letu kutwanga, kwa sababu wanatwanga mawe ndani ya vinu vya chuma kutwa nzima. Kabla ya kutwanga ni lazima mtu akupe mawe. Palipo na mtu mmoja mwenye kutoa na wamama wengi wenye kuomba, heshima ya mama inaingia sokoni. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inataka wachimbaji wadogo wawe ndani ya koperative zilizokubaliwa. Swali ni lilelile: katika orodha ya koperative hiyo, jina la anayetwanga limo?

Mahali pa pili ni siku ya malipo. Mama amechuma kahawa miezi mitatu, lakini kadi ni ya baba, na feza inatolewa kwa mwenye kadi. Baba mwema anafika nyumbani na wanakaa pamoja. Baba mwingine anapitia kwenye kanyanga, anarudi usiku na mfuko mtupu, na anayeuliza anapigwa. Koperative itasema: "Hayo ni ya nyumbani kwao." Si kweli. Koperative ndiyo iliyochagua nani apokee feza.

Mahali pa tatu ni pale mama mwenyewe anapoanza kupata. Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama unauma: akiba peke yake haitoshi. Kuna mume anayeona mke ana feza akajisikia amevuliwa cheo, akamnyang'anya au akampiga. Kati ya 2010 na 2012 shirika la IRC lilifanya majaribio vijijini Côte d'Ivoire. Vikundi vingine vya wamama vilipewa njia ya akiba tu, vingine viliongezewa mazungumzo ambapo mke na mume waliketi pamoja kuzungumza juu ya feza na maamuzi ya nyumba. Palipokuwa na mazungumzo, kunyimwa na kunyang'anywa feza kulipungua, na kwa wale waliohudhuria mara nyingi, kupigwa pia kulipungua.

Karibu zaidi na sisi, koperative ya kahawa ya Bukonzo Joint, wilayani Kasese, Uganda, ilitumia njia inayoitwa GALS, ambayo baadaye ilifika pia katika koperative za kahawa upande wetu. Haihitaji shule. Mke na mume wanachora mti. Kwenye mizizi wanachora kazi: nani analima, nani anachuma, nani anachota maji, nani anapika. Kwenye matawi wanachora matumizi: feza imekwenda wapi, na nani aliamua. Mti ukiwa na mizizi yote upande wa mama na matunda yote upande wa baba, hata mtoto anaona kwamba utaanguka. Mzee anayekataa hotuba ya mwandishi wa redio hawezi kukataa mti alioutia rangi yeye mwenyewe.

Karatasi zimebadilika, vitabu bado

Sheria zimesogea, tusiseme hazikusogea. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataka usawa wa wanawake na wanaume katika kifungu cha 14, na kifungu cha 15 kinailazimisha serikali kuondoa jeuri ya kijinsia. Tarehe 20 Julai 2006 zikaja sheria mbili juu ya ubakaji na makosa ya jinsi hiyo. Ziliandika unyanyasaji wa kingono, ule wa "uje jioni", kuwa kosa la jinai. Zilikataza pia faili ya kosa la namna hiyo kufungwa kwa kulipa faini tu kwa parke. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ikaeleza namna ya kutekeleza usawa.

Kisha tarehe 15 Julai 2016, Sheria ya Familia ikarekebishwa, na ile ruhusa ya mume ya mwaka 1987 ikaondolewa. Sasa mke na mume wanapaswa kukubaliana, wote wawili, juu ya matendo ya kisheria wanayojifunga nayo. Mume bado anaitwa mkuu wa nyumba, lakini kalamu imerudi mkononi mwa mama. Ilichukua miaka 29. Na bado naambiwa na wamama kwamba kuna ofisi ambako karani anauliza: "Barua ya mume iko wapi?" Mama, ukiulizwa hivyo, jibu kwa upole: sheria hiyo ilikwisha 2016.

Upande wa koperative, Kongo iliingia katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na tangu hapo tunafuata sheria ya koperative iliyoandikwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Watu 5 wanatosha kuanzisha koperative ndogo, na watu 15 wanatosha kwa ile yenye baraza la uongozi. Kila mwanachama ana kura moja. Hakuna mahali sheria hiyo inaposema mwanachama awe mkuu wa nyumba. Hiyo ni desturi tuliyoiongeza sisi wenyewe, na kilichoongezwa na sisi tunaweza kukiondoa katika mkutano mmoja.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wa koperative mfungue daftari lenu juma hili na kujiuliza. Wanachama wanawake ni wangapi, na wale wanaoleta kahawa au mihogo kwenye mzani ni wangapi? Kama hesabu mbili zinapishana sana, jibu liko hapo. Je, mke na mume wanaweza kuandikwa wote wawili, kila mmoja na kura yake? Mwenye bwasa, asiye na mti wake, anaweza kuingia kwa kazi yake au kwa mazao yake? Malipo yanafanyika mchana, mbele ya watu, kwa anayestahili? Kwenye mzani wanakaa watu wawili, mmoja wao mwanamke? Na mama akidhulumiwa na kiongozi wa koperative, anamwambia nani, na huyo kiongozi anasimamishwa wakati jambo likichunguzwa, au anabaki na funguo mkononi?

Kwa mama aliyebakwa, neno hili ni la haraka, na naomba lisomwe kwa sauti: fika kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita. Ndani ya muda huo kuna dawa za kukukinga na UKIMWI, na za kukukinga na mimba zinafaa zaidi mtu akiwahi. Hata saa hizo zikipita, nenda bado, maana matunzo mengine yapo. Kosa si lako. Koperative nzuri ina feza ndogo ya msaada kwa ajili ya safari hiyo, na haiulizi maswali mengi.

Daftari la mama wa Kalehe

Wapo watakaosema: wakati huu, banki za mjini zilifungwa mwanzoni mwa 2025, mashamba yameachwa, watu wamelala makanisani na shuleni, wewe unatuletea habari za usawa? Nimejiuliza hilo mimi pia. Lakini nimeona kwamba banki zilipofunga milango, vilivyobaki wazi ni vikundi vidogo vya wamama, vile ambavyo kitabu chao kinabebeka ndani ya kitenge. Na nimeona kwamba msaada unapofika, orodha inaandikwa upya, na mara nyingi inaandikwa kwa jina la mkuu wa nyumba. Mama aliyeachwa, mjane, na mama ambaye mumewe hajulikani alipo wanaambiwa wasubiri. Kitabu cha HAV kinarudi kwa mlango wa nyuma.

Ndiyo maana ninasema kwa baba yetu anayepiga simu: jambo hili ni la kwetu. Wamama wa Buloho walilijua kabla ya mradi wowote, na walilipa jina kwa lugha yao.

Yule mama wa Bagira nilimwona tena baada ya miezi kadhaa. Wenzake 11 kati ya wale 25 walikuwa wamepatikana, wengine Kadutu, wengine Panzi. Wameanza tena kuweka akiba, kila mmoja kidogo, kila Alhamisi. Sanduku hawana, wanatumia bidoni iliyokatwa. Lakini daftari ni lilelile. Aliniambia kwamba kila mkutano unaanza kwa kusoma majina yote 25, na kwa wale 14 ambao hawajulikani walipo wanatulia kidogo, kisha wanaendelea. Hakuna jina lililofutwa.